Shajara ya mradi: "got" inaingia kwenye kamusi yetu ya vitenzi

Jumatatu usiku

Wadau mnaofuatilia, "went", "took" na "said" zimeshafungwa na zipo kwenye faili. Kwa wageni: tunatengeneza kamusi ndogo ya vitenzi vya Kiingereza vya wakati uliopita, maelezo yote kwa Kiswahili, inafunguka kwenye simu bila bando. Leo tumefungua "got" na nadhani hii itakula muda kuliko zote tatu zikichanganywa.

Kwanini tunaihangaikia hivi, ngoja niseme. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania anasoma kwa Kiswahili miaka yote, afu akifika Form One ghafla masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Ukutani kuna ile chati ya get, got, got, anaikariri kama wimbo, mwalimu anamwambia got ni "alipata", basi. Akifungua kitabu cha hadithi anakuta "he got home", "he got angry", "he got up", "he got caught", na kote anaweka alipata. Alipata nyumbani, alipata kasirika. Hapo mtoto anaanza kuamini Kiingereza hakimtaki, wakati shida ni maelezo aliyopewa na wala sio kichwa chake. Hili linaniuma kweli ndo mana "got" nataka ikae sawa hata ikichukua wiki nzima.

Uamuzi wa kwanza: "got" inapata ukurasa wake yenyewe. Kamusi nyingi zinakuficha, ukitafuta got unaambiwa nenda "get", ukienda get unakuta bahari. Msomaji wetu amekutana na got, basi akiandika got aikute hapohapo.

Jumanne

Leo nimeshinda kwenye historia, sehemu fupi tu itaingia kwenye faili ila inasaidia sana kuelewa.

Neno lenyewe lilikuja na watu wa Skandinavia, wale waliovamia na baadae kuhamia kaskazini na mashariki ya England kuanzia karne ya 9, kwao lilikuwa "geta". Waingereza wenyewe walikua na ndugu yake lakini amebaki kajificha ndani ya maneno mengine, kama "forget" na "beget". Kwaiyo mwanafunzi akijua forget, forgot, forgotten, tayari anaiona familia nzima.

Na hiyo "forgotten" ndo inajibu swali ambalo kila mtu anauliza: "gotten" ni sahihi au sio sahihi? Zamani England nao walisema gotten. Kwenye Biblia ya King James ya 1611, Mwanzo 4:1, Hawa anasema "I have gotten a man from the LORD", na Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union, inasema "Nimepata mtoto mwanamume kwa BWANA". Humohumo kuna "gat", got ya enzi hizo, Mwanzo 19:27 Abrahamu "gat up early in the morning", yaani aliamka mapema. Baadae Waingereza wakaiacha gotten ikabaki kwenye vipande vichache kama "ill-gotten", ila Wamarekani wameendelea nayo mpaka leo, na wao wanaitumia kwa akili kabisa: "I've got a car" kwao ni nina gari, "I've gotten a car" ni nimepata gari. Tofauti ya kuwa nacho na kukipata, ambayo sisi tunaifanya kila siku bila kufikiri.

Shule zetu zinafuata Uingereza, mtoto anaangalia muvi za Marekani, kwaiyo anaandika gotten anapigwa peni nyekundu bila maelezo. Noti yetu inasema hivi: gotten ni Kiingereza halali cha Marekani, kwenye mtihani wa kwetu salama ni got. Mwanafunzi ana haki ya kujua kwanini anakatwa.

Jumatano

Leo ndo tumepata njia, na nafurahi kwelikweli.

Tulikua tunajadili kupanga kwa maana, maana ya 1, ya 2, ya 3, kama kamusi za mezani. Shida ni kwamba msomaji akiwa na sentensi mkononi hajui anaitafuta namba ngapi. Dada wa Mombasa ambae tunafanya nae hii kazi akasema, "Kaka, wewe ukisoma got wajuaje maana yake? Si waangalia kinachofuata?" Na kweli. Got yenyewe haina uzito, kinachokaa baada yake ndo kinaamua. Kikifuata kitu, ni kupata, kupokea au kununua. Ikifuata sehemu, ni kufika: "he got home" alifika nyumbani, "we got to Dodoma" tulifika Dodoma. Ikifuata hali, ni kugeuka kuwa katika hali hiyo. Likifuata umbo la tatu la kitenzi, kama "caught" kwenye "he got caught", mara nyingi ni kutendwa. Ikifuata "to" na kitenzi, subiri, hiyo ina siku yake. Tumepanga ukurasa mzima kwa hivo na ghafla umekua unasomeka.

Hili la hali ndo nimelikalia mpaka usiku coz ndo lenye utamu wote. Kiingereza kina kivumishi "tired" na kinahitaji kitenzi cha kukisukuma, kwaiyo wanaweka got. Kiswahili hatuhitaji kisukumio, kuingia kwenye hali tayari kumo ndani ya kitenzi. Got tired ni alichoka. Got drunk, alilewa. Got wet, alilowa. Got old, alizeeka, got fat alinenepa, got rich alitajirika, got lost alipotea, got angry alikasirika. Chai ikiwa "got cold" basi ilipoa. Hakuna "alipata" hata moja hapo, neno got lote limeyeyuka ndani ya kitenzi cha Kiswahili, na mwanafunzi akiona orodha hii anashtuka kwamba kumbe hiki kitu anakijua toka utotoni.

Na sasa angalia jinsi hii inavyotatua tofauti ya "was" na "got" ambayo vitabu vingi vinaizunguka. "He was drunk" ni alikuwa amelewa. "He got drunk" ni alilewa. "When I arrived he was angry": nilipofika alikuwa amekasirika, yaani nimemkuta tayari kanuna, sihusiki. "When I arrived he got angry": nilipofika alikasirika, yaani kuja kwangu ndo kumeleta hasira. Was ni alikuwa ame-, got ni ali-. Ukimpa mtoto wa Form Two hizo sentensi mbili za kufika hahitaji maelezo zaidi. Hii tumeiweka juu kabisa ya sehemu ya hali, kwa herufi nzito.

Alhamisi

Mjadala wa leo: "alipata hasira". Nilipitia sentensi zilizotafsiriwa na mashine na karibu kila mahali got imekua alipata, nikataka tuweke onyo kali kwamba usitumie. Dada wa Mombasa akanizuia, kasema kupata kwa Kiswahili nako kunabeba mengi, tusilifukuze neno la watu. Ana hoja nzito. Tunasema alipata ajali, alipata mimba, alipata usingizi, alipata hasara, alipata nafuu, alipata kichaa. Mazuri na mabaya yote yanapatwa, hapo kupata na got wanatembea pamoja kabisa. "She got pregnant" ni alipata mimba, au ujauzito kama unaongea mbele ya wakubwa. "He got better" ni alipata nafuu, huwezi kuboresha zaidi ya hapo.

Kwaiyo tumekubaliana hivi: nomino ambazo Kiswahili tayari kinazipeleka na kupata tunaziandika wazi, moja moja, na zile hali ambazo zina kitenzi chake tunaweka kitenzi chake. Hasira tumeweka alikasirika kwanza afu alishikwa na hasira. Na hii "kushikwa" imetufungulia mlango mwingine. Got hungry, njaa ilimshika. Got sleepy, alishikwa na usingizi au usingizi ulimchukua. Kwa Kiingereza mtu ndo anaipata hali, kwa Kiswahili mara nyingi hali ndo inampata mtu: homa imenipata, ajali ilimpata, yaliyompata hayasemeki. Sentensi inabidi igeuzwe mbele nyuma na mwanafunzi aambiwe kabisa kwamba kugeuza sio kosa. "It got dark" pia iko humu, giza liliingia, hiyo "it" usiitafutie mwenyewe.

Halafu ndoa! "They got married", walioana. "She got married", aliolewa. "He got married", alioa. Kiingereza hapo ni got married tu kwa wote. Tumeweka zote tatu, na chini yake "got divorced": waliachana, au aliachika kwa mwanamke.

Ijumaa

Leo ni got na umbo la tatu. Got arrested alikamatwa, got fired alifukuzwa kazi, got robbed aliporwa, got hit by a bodaboda aligongwa na bodaboda. Kwa Kiswahili "was arrested" nayo ni alikamatwa, kwaiyo tofauti haipo kwenye tafsiri, ipo kwenye mazingira. Got ni ya maongezi, na inapenda matukio yanayomfika mtu, zaidi mikosi na wakati mwingine bahati. Taarifa ya habari itaandika was arrested, jirani atakwambia got arrested. Na mambo ambayo hayana mshtuko wowote hayaitaki sana, nyumba "was built in 1961", hapo got inasikika vibaya. Hayo yametosha, tumesonga.

Ngumu zaidi ilikua pale kitu kinapokaa katikati. Angalia hizi mbili:

"He got his phone stolen."
"He got his phone repaired."

Umbo ni lilelile, neno kwa neno, ila moja ni msiba na nyingine ni huduma. Ya kwanza aliibiwa simu. Ya pili alitengenezesha simu, au kama tunavyosema mtaani, alipeleka simu kwa fundi ikatengenezwa. Kiingereza kinakuachia wewe uamue kama mhusika alitaka au hakutaka, Kiswahili kinakulazimisha uchague: kutendwa au kutendesha. Na hapa nataka niseme wazi kwamba Kiswahili kimejipanga vizuri sana, ile "aliibiwa simu" ni kitu kizuri, kitenzi kimetendwa na bado kina kitu chake pembeni, hakuna haja ya kuzunguka. Vilevile "he got his arm broken", alivunjika mkono. Maneno mawili, yamekwisha. "Got his hair cut" ni alinyoa au alinyolewa, hiyo kila mtu anaelewa kwamba alikwenda mwenyewe kinyozi.

Na mtu akikaa katikati badala ya kitu: "she got him to sign". Tumepima alimfanya asaini, alimshawishi asaini, alimsainisha. Ya mwisho ni fupi na tamu ila inaweza kusikika kama kalazimishwa, kwaiyo tumeweka "alimshawishi mpaka akasaini", hiyo "mpaka aka-" ndo inabeba ile jasho iliyomo kwenye got.

Jumamosi

Mwalimu mmoja wa sekondari Morogoro alichukua rasimu akaisoma na darasa lake. Amerudisha majibu: hali wameielewa haraka, kutendwa wameelewa, wote wamekwama kwenye "got to". Sikushangaa.

"I got to see the doctor." Nini hapo? Kwa Kiingereza sanifu ni nilipata nafasi ya kumwona daktari, nilibahatika, na Kiswahili kina umbo lilelile kabisa, nilipata kumwona daktari, kama tunavyosema sijapata kuona kitu kama hiki. Lakini "I've got to see the doctor" ni lazima nimwone daktari, na hiyo 've kwenye mdomo wa Mmarekani inapotea mara nyingi, inabaki "I got to", afu inabanwa zaidi inakua "gotta". Kwaiyo sentensi moja kwenye muvi inaweza kuwa furaha ya jana au wajibu wa kesho.

Mwalimu kauliza mtoto ashike nini hapo. Tumempa hiki: tafuta neno la muda. "I got to see the doctor yesterday", nilipata kumwona. "I got to see the doctor tomorrow", lazima nimwone. Kama hakuna neno la muda, angalia stori inasimulia yaliyopita au inapanga. Ameijaribu darasani amesema imeshika.

Hapo ikabidi tushughulikie na "have got" yenyewe, coz inadanganya kila mtu. Umbo ni la zamani, maana ni ya sasa. "I've got two children" ni nina watoto wawili, leo, wapo ndani wanapiga kelele. Mfano tuliouweka ni lile tangazo la maziwa la California la mwaka 1993, "Got milk?", maneno mawili tu, kitenzi cha wakati uliopita, na linauliza una maziwa? sasa hivi, kwenye friji. Limekaa vizuri kwa kufundishia maana ni fupi na halimwachi mtoto na njia ya kutafsiri "ulipata maziwa?".

Jumapili mchana

Got na maneno madogo. Hapa tumepita haraka, yanayofanana tumeyarundika pamoja. Got up aliamka au alisimama, got back alirudi, got away alitoroka, got along walielewana, got over the illness alipona, got over him alimsahau. "They got by" tumeandika walisukuma siku, nimependa sana hiyo. Usafiri tu ndo tumekaa kidogo: Kiingereza ni got on the bus lakini got in the car, kushuka ni got off the bus lakini got out of the car. Sisi ni kupanda na kushuka, daladala au teksi ni yaleyale. Kwaiyo kwenda Kiswahili ni rahisi, kurudi Kiingereza ndo mtego, na kwa kuwa wanafunzi wetu wanaandika insha kwa Kiingereza tumewawekea kanuni: chombo ambacho unaweza kusimama na kutembea ndani yake, basi, treni, meli, ndege, ni on na off. Gari dogo na teksi ni in na out of.

Afu "got it" na "got you". Kiswahili cha sasa kinajibu chenyewe, nimekupata. Unanipata? Nakupata. Hiyo iko kwenye simu, kwenye redio kol, kwenye maongezi ya kijiweni. Lakini "got him" ni kitu kingine. Tarehe 14 Desemba 2003, Baghdad, Paul Bremer, Mmarekani aliyekua anasimamia Iraq wakati huo, alisimama mbele ya waandishi wa habari kutangaza kukamatwa kwa Saddam Hussein, akasema "Ladies and gentlemen, we got him." Tumejadili sana hiyo. Tumemkamata ni sahihi ila ni ya polisi. Tumempata inaweza kuwa mtoto aliyepotea. Tumemnasa ndo ina lile la kuwindwa muda mrefu afu mtego ukafyatuka, na ndo tuliyoweka, huku tumempata ikibaki chaguo la pili.

Jumapili usiku

Ukurasa umefungwa isipokua sentensi chache za mwisho. "I never got around to it": sikupata wasaa, dada wa Mombasa kaileta "wasaa" na nimeikubali palepale, ina ule upole wa mtu aliyekua na nia kweli ila siku zikampita. "Her words got to me": maneno yake yaliniingia. Tulianza na yaliniuma lakini sio lazima yaume, yanaweza kukugusa vizuri pia.

Na "what's got into him?", hii mwalimu wa Morogoro ndo kaijibu kabla sisi hatujaanza kuvutana: "amepatwa na nini huyu?" Imeingia kama ilivyo.

Faili limeshatumwa kwake lirudi darasani. Sauti za "gotta" na "got to" zitarekodiwa katikati ya wiki, tunataka zisikike kwa mwendo wa kawaida na kwa mwendo wa polepole. Kinachofuata ni "had", na nimeshaona kwamba "had got" lazima irudishwe hapa na kiungo cha kubonyeza, kwaiyo nimeacha mstari mmoja wazi chini ya ukurasa.